Tabaka la nne limekuwa kama tui: kuchora kwa matabaka kwa njia ya Julie Mehretu

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mchoraji wa hapa Tanga, nina miaka 27, nimezoea kuchora mandhari na wanyama wa kuuza. Nilivutiwa na michoro ya Julie Mehretu nikajaribu ya kwangu: chini nimefuatisha ramani ya bandari, juu yake mistari ya wino na makapeni, juu yake midiamu ya akriliki isiyo na rangi (ule ute wa akriliki unaokauka ukawa wazi), kisha mistari tena, hivyohivyo hadi matabaka manne. Kanvasi ni mita 1 kwa 1.5, na kila tabaka nilimwaga karibu lita nzima nikasambaza kwa kipande cha plastiki. Nilianza masika yakiwa yameshika. Matabaka matatu yalikuwa na utusitusi kidogo, la nne limekuwa kama tui, na sasa ni wiki mbili halijang'aa. Mistari imetawanyika, kingo zake zimegeuka zambarau. Nilipopiga msasa ulijaa vitu kama bigijii iliyotafunwa. Kaka aliyenifundisha kuchora anasema haya ndiyo malipo ya kukimbilia dhahania, michoro isiyo na sura ya kitu, kwa sababu nimeshindwa kuchora kweli, na kwamba huyo mama mwenyewe anakwaruzakwaruza tu na kulipwa mamilioni. Nimekosea wapi? Niutupe?"

Ndugu yangu, usiutupe. Mchoro wako unaumwa, lakini sehemu kubwa ya ugonjwa inatibika, na hata usipopona wote utakufaa kama uwanja wa kujifunzia. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kwa nini tabaka limegoma kung'aa, na kama uchoraji huu ni kichaka cha kujifichia asiyejua kuchora. Nayajibu pamoja, kwa sababu yote yanarudi kwenye jambo moja ambalo sioni kama ulijiuliza kabla ya kufungua chupa: lile tabaka lisilo na rangi lina kazi gani pale?

Tuanze na huyo mama anayekwaruza. Julie Mehretu alizaliwa Addis Ababa mwaka 1970, baba Mwethiopia, mhadhiri wa jiografia, mama Mmarekani, mwalimu. Mwaka 1977, utawala wa kijeshi wa Derg ukiwa umeishika nchi, familia ikahamia East Lansing, Michigan. Alisoma Kalamazoo College, katikati akakaa mwaka mmoja Dakar kwenye Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop, akahitimu 1992. Shahada ya uzamili aliipata Rhode Island School of Design mwaka 1997, akapita Houston kwenye programu ya wasanii, na mwaka 1999 akahamia New York. Huyo si mtu aliyetoroka darasa la kuchora.

Huko Rhode Island ndiko alikofanya kazi ambayo kaka yako angeiheshimu kama angeiona. Alikuwa na alama ndogondogo za wino: vistari, nukta, vipinde, vijiduara. Badala ya kuziacha zitapakae, akaanza kuzichunguza kama mjumbe wa nyumba kumi anayeandika daftari la wakazi. Zipi hukaa pamoja? Zipi zinahama, zipi zinavamia wenzake? Mwenyewe huziita wahusika. Wahusika wakahitaji mahali pa kuishi, ramani zikaingia. Ramani zikaleta majengo, viwanja vya ndege, viwanja vya michezo. Hapo ndipo tabaka likazaliwa. Mji ni jambo moja na watu wanaopita ndani yake ni jambo jingine. Ukivichora kwenye uso mmoja vinalana, mstari wa ukuta unaonekana mkono wa mtu. Ukiweka utando wa uwazi katikati, kila kimoja kinabaki na kina chake, na jicho linaona viwili kwa wakati mmoja bila kuvichanganya.

Tafuta picha kubwa ya Stadia II ya mwaka 2004. Iko Carnegie Museum of Art, Pittsburgh. Ni wino na akriliki, kimo chake mita 2.74, upana mita 3.66. Kwenye kioo cha simu ni fujo tu. Ikuze pole pole. Utaona mistari myembamba ya majukwaa ya uwanja ikipinda kwa nidhamu ya mchora ramani za majengo, kana kwamba umesimama katikati ya uwanja na viti vimekuzunguka. Juu yake kuna vipande bapa vya rangi vinavyokumbusha bendera na mabango ya matangazo, na ndani ya hayo yote wahusika wake wa wino wanapepea, hujui kama ni mashabiki, ndege au moshi. Usihangaike kutambua ni uwanja wa nchi gani. Watu wengi wanamsoma Mehretu kama chemsha bongo, wakipata jina la jengo wanaona wamemaliza. Jengo ni sakafu tu ya mchoro.

Sasa ufundi, maana hapa ndipo ulipoteleza. Katika michoro yake ya miaka ya 2000, ramani na majengo hurushwa kwenye kanvasi kwa projekta na kufuatishwa kwa kalamu, kazi inayoshirikisha wasaidizi. Kisha hupuliziwa akriliki isiyo na rangi iliyochanganywa na silika, ule unga laini mno wa jamii ya mchanga. Ikikauka hupigwa msasa hadi uso unakuwa laini kama karatasi nzuri, ndipo mchoro unaofuata unakaa juu. Angalia maneno mawili hapo: hupuliziwa, na ikikauka. Wewe ulimwaga, na haikukauka.

Tui lako si mfano wa mzaha, ni maelezo kamili. Tui ni jeupe kwa sababu matone madogo ya mafuta yanaelea kwenye maji, na mwanga ukipita unagonga kila tone na kutawanyika. Lichemshe hadi maji yaishe, yanabaki mafuta ya nazi yaliyo wazi. Midiamu ya akriliki ina tabia ileile. Ndani ya chupa ni chembe za plastiki zinazoelea kwenye maji, ndiyo maana inamwagika nyeupe. Maji yakiondoka, chembe zinasogeleana, zinabanana, zinaungana kuwa utando mmoja, na mwanga unapita bila kikwazo. Ule weupe unakwambia tu kwamba maji bado yamo ndani.

Kwa nini hayajatoka wiki mbili? Piga hesabu. Mililita 100 zikisambazwa kwenye mita moja ya mraba zinatoa unene wa milimita 0.1. Kanvasi yako ni mita za mraba 1.5, kwa hiyo lita moja imekupa karibu milimita 0.67, zaidi ya mara sita ya utando mwembamba unaotakiwa. Tabaka nene hukauka kuanzia juu: ngozi inajifunga, na maji ya chini yanabaki kama mtu aliyefungiwa ndani. Mengine yanarudi chini na kulainisha matabaka uliyodhani yamekauka. Ongeza masika ya Tanga, hewa imeshiba unyevu kiasi kwamba nguo inashinda kambani, na hata ile njia ndogo ya kutokea inazibwa. Ulichorundika pale ni matabaka manne mabichi, na la nne ndilo lililofichua mengine.

Kabla ya tiba, pima. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye pembe, mahali ambapo fremu itafunika. Alama ikibaki kama kwenye nta, ndani kuna maji. Kisha chukua kitambaa chenye unyevu, futa sehemu ile uliyopiga msasa na uitazame ikiwa bado imelowa. Kama utusitusi unapotea ukilowesha na kurudi ukikauka, hiyo ni mikwaruzo ya juu tu, maji yaliijaza kwa muda, na tabaka jembamba litaifuta. Kama unabaki palepale hata ukilowesha, uko ndani ya utando. Na ukiona vidoto vya duara kwa jicho la karibu, hayo ni mapovu ya hewa, huenda kwa kutikisa chupa au kusambaza kwa haraka. Mapovu hayatoki kwa kusubiri.

Wino ni kosa jingine kabisa, na ile zambarau imekusema. Nyeusi ya makapeni na ya wino mwingi wa kalamu si nyeusi halisi, ni mchanganyiko wa rangi za kuyeyuka: buluu, nyekundu, njano. Maji ya midiamu yalipoupata mstari yalizivuta kila moja kwa mwendo wake, na ile inayokimbia zaidi ikaonekana pembeni. Rangi hizo pia hupauka zikikaa kwenye mwanga. Wino unaotakiwa ni wa masizi, wenye chembe nyeusi zisizoyeyuka, na uwe umeandikwa kwamba haupitishi maji ukishakauka, au wino wa akriliki. Usiamini maandishi ya chupa peke yake. Chora mistari mitano kwenye kipande cha majaribio, iache saa 24, kisha pitisha brashi iliyolowa mara kumi. Brashi ikibaki safi, endelea. Ikichukua hata kivuli cha rangi, wino huo utumie kwenye karatasi.

Hata wino mzuri unaweza kusumbuliwa na brashi inayosugua. Ndiyo faida ya kupulizia: tabaka la kwanza juu ya mistari linatua kama umande, halisukumi kitu. Kama huna kompresa, tumia brashi pana laini, pitisha mara moja kwa kila mkanda, usirudi nyuma kusahihisha. Kurudi nyuma baada ya dakika chache ndiko kunakoharibu, kwa sababu ngozi imeanza kujifunga nawe unaichana.

Na bigijii? Akriliki haiwi ngumu kama kioo hata ikikauka vizuri. Kwenye joto la nyuzi 30 na kitu inabaki laini kidogo, msasa ukisugua unaongeza joto, basi inanata na kujikunja. Yako ilikuwa na maji ndani, hivyo ilinata maradufu. Mehretu anatia silika kwa sababu hiyo: unga mgumu ndani ya utando unaufanya usagike badala ya kuvutika, na uso uliosagwa unakuwa na vijino vidogo vinavyoshika wino. Kwenye akriliki inayong'aa tupu, wino unajikusanya kama maji kwenye jani la mgomba.

Lakini sikushauri ununue unga wa silika ukachanganye nyumbani. Vumbi lake linasumbua mapafu likivutwa, na ile aina ya fuwele inaua mapafu polepole. Waulize wanaopasua mawe. Nunua midiamu isiyong'aa, hiyo tayari ina unga wa kupunguza mng'ao. Tatizo lake ni kwamba matabaka mengi ya midiamu isiyong'aa nayo yanaleta ukungu wa kudumu, kwa hiyo usiitumie peke yake. Anza na sehemu tatu za ile inayong'aa kwa sehemu moja ya isiyong'aa, jaribu, kisha ongeza au punguza. Na usiizimue kwa maji mengi ukidhani unaifanya nyembamba: maji yakizidi, chembe zinakuwa mbalimbali mno, utando unakuwa dhaifu na unaweza kutoka unga. Sehemu moja ya maji kwa kumi za midiamu inatosha kwa brashi.

Kwa mchoro huu ulio nao, njia ziko tatu, na hakuna isiyo na gharama.

Ya kwanza ni kusubiri. Usimamishe wima, uso ukitazama chumba, mgongo ukiwa mbali na ukuta ili hewa iguse pande zote mbili. Feni izunguke chumbani bila kuupiga mchoro usoni. Ukipata chumba chenye kiyoyozi kwa siku chache ni bora zaidi, kwa sababu kiyoyozi kinanyonya unyevu wa hewa. Usiutoe juani, usiupige drai ya nywele: vyote vinafunga ngozi haraka na kutia mapovu. Kwa unene huo sitashangaa ukichukua wiki sita, na pengine utabaki na utusitusi kidogo katikati. Mistari iliyotawanyika haitarudi.

Ya pili ni kuushusha kwa msasa baada ya ukucha kuacha kuzama. Weka ubao bapa nyuma ya kanvasi, la sivyo mbao za fremu zitajichora usoni. Tumia msasa wa maji, namba 400 kisha 600, ule wanaouziwa mafundi wa bodi za magari, na maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Fanya asubuhi mapema kukiwa na ubaridi, mkono mwepesi, suuza msasa kila dakika moja au mbili. Uso utakuwa mweupe ukilowa, usishtuke, akriliki changa hunywa maji na kuyatoa tena ukiipa siku mbili tatu. Vaa barakoa yenye kichujio hata kama unasaga kwa maji, kwa sababu tope likikauka sakafuni linakuwa vumbi.

Njia hii ina heshima yake kwenye kazi ya Mehretu mwenyewe. Kati ya 2007 na 2009, akiwa Berlin, alifanya michoro ya mfululizo wa Grey Area iliyoagizwa na jumba la sanaa la Deutsche Guggenheim. Katika michoro hiyo alichora majengo kwa uangalifu wote, kisha akafuta na kusaga sehemu zake, ikabaki mizimu ya kuta kwenye kijivu. Berlin ni mji uliobomolewa, ukagawanywa, ukajengwa upya, na kufuta kulikuwa ndiyo kuuchora. Kwa hiyo ukisaga, usisage kama anayeficha aibu. Amua kipi kinazama na kipi kinabaki. Bandari yako ya Tanga nayo imezikwa na kufufuliwa, reli ya Wajerumani ilianza kutandikwa hapo mwaka 1893, una cha kufuta.

Ya tatu ni kuuacha ulivyo na kuhamia kwenye karatasi ya uwazi ya kufuatishia, ile ya mafundi ramani, au filamu ya plastiki ya kuchorea. Chora mji kwenye moja, wahusika kwenye nyingine, zipange juu kwa juu, zibadilishe nafasi. Hakuna kukausha, hakuna msasa, gharama ni ndogo, na kosa moja haliui kazi ya mwezi. Mehretu naye amefanya michoro mingi kwenye filamu ya namna hiyo, na machapisho makubwa kama Auguries ya 2010, yenye paneli 12, yote ni mazoezi ya matabaka kwa njia nyingine. Mimi ningekwambia uanzie hapa hata kama ule wa kanvasi ungepona kesho.

Kuna mambo matatu hukuyataja lakini nayasema kwa tahadhari, maana ndiyo ninayoulizwa sana na wachoraji wa pwani. Usibadilishe midiamu kwa vanishi ya mbao ya mafuta. Inageuka njano, na akriliki ukiiweka juu yake inabanduka kama ngozi ya nyoka. Vivyo hivyo usianze juu ya rangi ya mafuta ya kung'aa, ile wanayochorea Tingatinga. Ni nzuri kwa kazi yake, lakini haishiki kitu cha maji juu yake. Gundi nyeupe ya mbao nayo, ingawa inakauka wazi, hurudi kulainika ikipata unyevu na huvuta kuvu.

Ukianza upya, anza kwa ubao wa plaiwudi wa sentimita 30 kwa 30, uliopakwa jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mara mbili na kusuguliwa. Ubao haunesi chini ya msasa kama kitambaa kilichowambwa. Futa uso kwa kitambaa chenye maji safi kabla ya kila tabaka. Hapo kwenu upepo unaleta chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Ubao huo ni mita ya mraba 0.09, kwa hiyo tabaka moja halihitaji zaidi ya mililita 9 au 10, karibu vijiko viwili vya chai. Utaona ni kidogo mno. Ndivyo inavyotakiwa. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua. Baada ya saa moja likiwa kavu kwa kidole, paka la pili, lilale kukatiza la kwanza. Subiri saa 24 kabla ya kuchora juu, siku tatu kabla ya msasa, na masika zidisha zote mara mbili. Kama kipima unyevu kinasoma zaidi ya asilimia 80, siku hiyo chora kwenye karatasi.

Na kabla ya kuufunga mchoro wowote kwa uwazi, jiulize kama tabaka lijalo lina jambo ambalo hili halina. Hapa kaka yako ana nusu ya haki. Hakukosea kuona kwamba kuna dhahania ya kukwepa. Ipo, nami nimeiona ukutani mara nyingi. Alichokosea ni kudhani dawa yake ni kurudi kwenye twiga na machweo. Ramani ya bandari chini, mistari juu, mistari tena, mistari tena: umenieleza tabaka la kwanza tu lina nini. Matatu mengine umeniambia yana wino. Mistari ile ni nani? Wapagazi, mawimbi, kelele za winchi, deni? Huhitaji kumweleza mtazamaji, lakini mkono wako ukijua, mstari wa mpagazi hautatembea kama wa wimbi.

Tazama jinsi Mehretu alivyobadilisha sakafu alipoona ile ya majengo imemfikisha mwisho. Mwaka 2012 alimaliza Mogamma, michoro minne mikubwa iliyopewa jina la lile jengo lililokuwa la ofisi za serikali kwenye Uwanja wa Tahrir, Kairo. Hapo bado ni majengo, lakini yamesongamana hadi hayakaliki. Miaka iliyofuata akaanza na picha za habari: anazivuruga kwenye kompyuta hadi hazitambuliki, zinakuwa mawingu ya rangi, kisha anachora juu yake. Hineni (E. 3:4) ya 2018, iliyo kwenye hazina ya jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris, ina chini yake picha za moto: moto wa misitu ya California na vijiji vya Warohingya vilivyochomwa huko Myanmar. Ukisimama mbele yake huoni kijiji, lakini machungwa yale hayakutoka hewani. Na HOWL, eon (I, II), michoro miwili ya SFMOMA, jumba la sanaa ya kisasa la San Francisco, yenye kimo cha zaidi ya mita 8 kila mmoja, aliichora ndani ya kanisa lililokuwa limeachwa huko Harlem kwa sababu hakukuwa na studio ya kuitosha. Tabaka la chini limebadilika, kanuni haikubadilika.

Kuhusu mamilioni, mwambie kaka atenganishe mnada na mshahara. Walkers With the Dawn and Morning, wa mwaka 2008, uliuzwa kwenye mnada New York mwaka 2023 kwa dola milioni 10.7. Mnadani fedha huenda kwa aliyekuwa akiumiliki mchoro na kwa nyumba ya mnada. Mchoraji alishalipwa zamani, bei ya zamani. Na ule mchoro wake wa ukutani uitwao Mural, wa mwaka 2009, wenye urefu wa mita 24 na kimo cha mita 7 kwenye ukumbi wa benki ya Goldman Sachs, New York, ulitangazwa kuwa wa dola milioni 5, lakini sehemu kubwa iliishia kwenye gharama za kuutengeneza na mishahara ya wasaidizi hadi 30. Usiingie kwenye dhahania ukifuata fedha. Wanyama wako watakulipia kodi ya chumba kwa muda mrefu bado, na hakuna aibu ndani yake.

Kuna mambo ya kutafuta mtu ana kwa ana badala ya kunisoma mimi. Kupulizia ni mojawapo: nenda kwa fundi wa bodi za magari, mlipe akufundishe nusu siku kushika bunduki ya kupulizia rangi, umbali na mwendo wa mkono, kwa sababu kosa la mkono halisahihishwi kwa maandishi. Ukisikia kifua kinabana au unakohoa baada ya kusaga au kupulizia, acha kazi na umwone daktari. Mwenye pumu aende kabla hajaanza. Kama ukungu kwenye mchoro una vidoto vya kijani au vyeusi na harufu ya uvundo, hiyo ni kuvu, utenge na michoro mingine na usiusugue. Na kama ni mchoro uliokwisha kuuuza unaobanduka, usiuguse bila ruhusa ya mwenyewe na bila mtu anayejua kuhifadhi michoro. Kwa upande wa macho, panda basi uende Nafasi Art Space, kituo cha wasanii Dar es Salaam, na ubao wako mdogo mkononi. Wachoraji wa pale watauinamisha kwenye mwanga na kukwambia kwa dakika tano kile ambacho mimi nimekizungukia ukurasa mzima.

Kwa leo, nunua wino mmoja wa masizi na kipande cha plaiwudi. Ule mkubwa uegemeze kwenye kiti, uso ukitazama chumba, na Jumamosi ijayo bonyeza tena ukucha kwenye pembe ileile.